Kabla hujazima RX-8 yako, angalia mshale wa joto

Simu hizi hutufikia zaidi Jumatatu alfajiri. "Shikamoo fundi. Gari haliwaki. Jana lilikuwa zima kabisa, nililisogeza tu likaoshwe." Kabla mteja hajamaliza tumeshajua ni gari gani na limefanyiwa nini. Ni Mazda RX-8, liliwashwa likiwa limelala tangu usiku, likasogezwa mita kumi, likazimwa.

Kwa Vitz au Noah hilo si kosa hata kidogo. Unaliwasha, unalitoa kwenye kivuli cha mwembe, unalizima, na kesho linawaka kama kawaida. RX-8, pamoja na kaka yake RX-7, haina uvumilivu huo. Petroli inabaki ndani ya injini, inalowanisha plagi, inaosha oili kwenye kuta za ndani za injini, na ukija kupiga stata asubuhi injini inazunguka kwa wepesi kana kwamba haina kitu ndani. Mlio ule wa stata inayokimbia bila injini kushika, ukishausikia mara moja utautambua siku zote.

Tunaandika makala hii kwa sababu karibu kila mteja anayeletwa hapa na gari la kuvuta anatafuta kosa la asubuhi ile: betri, pampu ya mafuta, funguo, hata petroli ya kituo alichojaza. Kosa lilifanyika jana yake, wakati wa kuzima. Na ni kosa ambalo mtu anaweza kulizuia mwenyewe, bila fundi na bila senti.

Injini ya rotari haina pistoni wala valvu. Ndani yake kuna rota yenye pembe tatu inayozunguka kwenye hauzingi, yaani nyumba yake ya chuma, yenye umbo la yai lililobanwa kiunoni. RX-8 ina rota mbili, na ujazo wake wote ni sisi 1308 tu. Kwenye kila ncha ya rota kuna sili nyembamba ya chuma inayoparaza ukuta wa hauzingi mzunguko mzima. Mafundi wengi tunaiita apeksi. Kwa hiyo kila rota ina apeksi tatu, na hizo ndizo zinazobana hewa ili upate kompresheni. Lakini chuma juu ya chuma hakizibi peke yake. Kinachomalizia ile nafasi ndogo ni utando wa oili. Ndiyo maana injini hii ina pampu maalumu inayopeleka oili kidogo kwenye chumba cha kuungulia, na ndiyo maana RX-8 nzima kabisa hula oili. Anayekwambia gari lako ni bovu kwa sababu oili inapungua hajawahi kufungua injini hii.

Sasa, injini ikiwa baridi kompyuta huongeza petroli. Chuma kikiwa baridi petroli haigeuki mvuke vizuri, sehemu yake inabaki majimaji, basi kompyuta inamimina zaidi ili ile inayopata kuwaka itoshe. Ukiiacha injini iendelee kuunguruma, joto linapanda na ziada yote inaungua. Ukiizima baada ya nusu dakika, ile ziada inabaki imetuama ndani ya hauzingi, na petroli ni kiyeyushi kikali cha oili. Inakula utando wote kwenye apeksi. Kesho unapopiga stata, kompresheni imeshuka, plagi zimelowa, na juu ya hayo yote kompyuta inaona injini ni baridi tena, inaongeza dozi nyingine. Kila unaporudia kupiga stata kwa namna ile ile unamwagia maji aliyekwisha kulowa.

Wateja wa Dar es Salaam hutuambia, "Fundi, huku baridi iko wapi?" Baridi tunayosema ni ya injini. Injini iliyolala usiku mzima hata kwenye joto la nyuzi 30 iko mbali sana na nyuzi 80 na kitu inazozitaka inapofanya kazi. Walioko Arusha, Njombe au Mbeya, hasa Juni na Julai, wako pabaya zaidi, lakini hakuna aliyesalimika kwa kuishi pwani.

Nasi yametukuta. Kulikuwa na RX-8 nyekundu uani kwetu, imemaliza kazi, inasubiri mwenyewe aje kuichukua. Ikaingia Canter mbovu, ikahitaji nafasi. Kijana wetu, mwenye nia njema kabisa, akaichukua funguo, akairudisha RX-8 nyuma hadi ukutani, akazima. Sekunde ishirini, pengine hata hazikufika. Mwenye gari alipokuja saa kumi na moja jioni, haikuwaka. Tulitoa plagi zote mbele yake zikitiririka petroli, tukamweleza ukweli, na kazi ile hatukumtoza. Tangu siku hiyo uani kwetu RX-8 inasukumwa kwa mikono. Watu wawili wanatosha, gari lenyewe lina uzito wa kilo 1300 na kitu na uwanja wetu ni tambarare.

Na wewe anzia hapo. Kama unataka kulisogeza tu, weka gia huru, toa hendibreki, sukuma. Kama huna wa kukusaidia, basi liwashe ukijua umejipa kazi ya dakika kumi. Acha liungurume mpaka mshale wa joto ufike katikati, mahali ulipozoea kuuona ukiwa barabarani, halafu zima. Vizuri zaidi ni kwenda nalo mzunguko mfupi mtaani kwa mwendo wa pole, kwa kuwa injini hupata joto haraka ikibeba mzigo kuliko ikiunguruma mahali pamoja.

Kuna siku haiwezekani. Umeliwasha, umefika getini, simu imelia, inabidi ulizime. Hapo fanya hivi: gia iwe huru, kanyaga mafuta taratibu mpaka mshale wa mizunguko usimame kwenye 3000, ushikilie kwa sekunde kama 10, kisha toa mguu, na mshale ukiwa bado unashuka, zima swichi. Ukiipandisha injini hivyo, hewa nyingi inapita na kuunguza kile kilichotuama. Ukizima rota zikiwa bado zina kasi, injekta, zile zinazonyunyiza petroli, zinafunga lakini rota zinaendelea kuzunguka kidogo, zinavuta hewa tupu na kusukumia mvuke uliobaki kwenye ekzosi. Usipite 3000 sana. Tumeona vijana wanaopandisha injini baridi mpaka 7000 wakidhani wanaisafisha. Oili bado nzito, apeksi kavu, wanaikwangua. Njia hii ya 3000 hupunguza hatari tu. Kusubiri mshale ndiyo kinga yenyewe, na anayeifuata hatujawahi kumwona tena kwa tatizo hili.

Kwa uzoefu wetu, anayelowesha injini mara nyingi si mwenye gari. Ni kijana wa kuosha magari anayelitoa kwenye foleni na kuliingiza kwenye povu. Ni mlinzi anayepisha gari la jirani. Ni shemeji aliyeombwa alitazame gari mwenyewe akiwa safarini, naye kwa uangalifu wake akawa analiwasha dakika moja kila asubuhi "betri isife". Huyo wa mwisho hufanya madhara kuliko wote. Ukisafiri, chomoa waya wa hasi wa betri na uondoke na funguo.

Hata gari unalosubiri kutoka Japani limepitia hayo hayo. Linawashwa kuingizwa kwenye yadi, linazimwa. Linawashwa kupanda melini, linazimwa. Linawashwa kushuka Dar es Salaam au Mombasa, likapangwa, likazimwa, likahamishwa tena. Kila safari ni mita chache. Ndiyo sababu tumepokea RX-8 zilizotoka bandarini zikiwa zimebebwa, na wenyewe wamekata tamaa wakiamini wameuziwa injini mfu. Baadhi zilikuwa zimelowa tu. Usikubali kubadilisha injini kwa gari lililotoka bandarini kabla halijakaushwa na kupimwa.

Kama limeshalowa, jambo la kwanza ni kuacha kupiga stata kwa mazoea. Kanyaga pedali ya mafuta mpaka chini kabisa, ishikilie hapo, ndipo upige stata kwa sekunde zisizozidi 10. Pedali ikiwa chini kabisa wakati wa kupiga stata, kompyuta ya RX-8 inafunga injekta, kwa hiyo rota zinatoa petroli bila kuongezewa nyingine. Pumzisha stata, rudia mara mbili au tatu. Kisha toa mguu ujaribu kuwasha kawaida. Ikikohoa, usiikatishe, isaidie kwa mafuta kidogo mpaka ishike. Itatoa moshi mweupe mwingi wenye harufu kali ya petroli, jirani watatoka nje kutazama, na baada ya dakika chache utaisha.

Betri ndiyo inayoamua kama njia hiyo itafaulu. Rota zinahitaji kuzungushwa kwa kasi ili zibane hewa, na betri iliyochoka inazizungusha kwa uvivu. Mazda wenyewe waliweka stata yenye nguvu zaidi kwenye magari ya miaka ya baadaye. Unganisha waya kutoka kwenye gari lingine kabla betri yako haijaisha, usingoje ife. Kuvuta gari kwa kamba ili lishike tunakukataza: petroli mbichi inasukumwa kwenye katalisti, kichujio cha moshi kilichoko kwenye ekzosi, na likishika ghafla katalisti inapata moto kupita kiasi na kuharibika.

Likigoma, tuite. Tunazima umeme wa pampu ya mafuta na wa koili zinazotoa moto wa plagi, tunatoa plagi zote nne, kisha tunazungusha injini ili petroli irukie nje kwenye matundu. Tunaomba kila mtu asogee na asiwepo mwenye sigara wala jiko la mkaa karibu, maana mvuke ule unawaka upesi. Baada ya hapo tunatia oili kidogo sana ya injini kwenye kila hauzingi, kijiko kimoja cha chai kinatosha, ili apeksi zirudishiwe utando wake. Plagi tunaweka kavu, mpya zikihitajika. Hapa naomba uwe macho hata ukienda kwa fundi mwingine: plagi za chini na za juu si za aina moja. Kwa plagi za kampuni ya NGK, za chini ni RE7C-L na za juu ni RE9B-T. Tumefungua magari yaliyokuwa yamefungwa nne zinazofanana kwa sababu muuzaji alikuwa na aina moja tu dukani. Baada ya gari kuwaka tunavuta kijiti cha oili na kukinusa. Kikinuka petroli, oili inamwagwa siku hiyo hiyo, kwa sababu oili iliyochanganyika na petroli haiwezi kulinda beringi.

Kama gari lako linalowa mara kwa mara ingawa unalizima vizuri, basi kuna kitu nyuma yake. Mara nyingi ni koili zilizochoka. RX-8 ina koili nne na huisha kimyakimya. Gari linaendelea kutembea lakini moto wa plagi ni hafifu. Nyakati nyingine ni apeksi zenyewe. Magari haya yalitengenezwa kati ya 2003 na 2012, kwa hiyo hata lile changa kuliko yote lina zaidi ya miaka kumi. Hapo dai kupimwa kompresheni, na upime kwa kifaa cha rotari. Geji ya kawaida ya pistoni inakuonyesha uso mmoja tu wa rota, ule wenye nguvu kuliko wenzake, wakati kila rota ina nyuso tatu na udhaifu unaweza kuwa kwenye uliofichika. Kiwango cha chini anachokubali mtengenezaji ni kPa 680 (kilopaskali, kipimo cha mgandamizo) kwa mizunguko 250 kwa dakika. Sisi tunakuandikia namba zote sita kwenye karatasi, uondoke nazo, hata kama utaamua kazi ikafanyike kwingine.

Unapotupigia, tuambie mambo matatu: mara ya mwisho gari liliwashwa kwa muda gani kabla ya kuzimwa, umepiga stata mara ngapi tangu ligome, na kama ukisimama nyuma yake unasikia harufu ya petroli. Majibu hayo yanatuonyesha tuje na plagi na betri tu, au tuje na gari la kubebea. Na ukifika gereji, pale kaunta kuna vibao vidogo vya plastiki vya kufunga kwenye funguo, vimeandikwa "Usiwashe kusogeza. Sukuma." Chukua viwili, kimoja cha funguo ya akiba. Havilipiwi.