Kabla ya Jumamosi

Mwanangu,

Sweta mbili za mwanao Neema nimezitia kwenye mfuko wa juu, usije ukazitafuta chini. Nakuru si Kisumu. Baridi ya huko asubuhi hamjaizoea.

Lakini sweta si ndizo zinazoninyima usingizi. Nakuuliza tena: ukiwa zamu ya usiku, nani atasali na mtoto? Jana kwenye simu ulisema, "Tutaona, mama." Hilo si jibu.

Hapa kwangu ameshika. Akiombea chakula anafumba jicho moja tu, lile lingine liko kwenye sufuria. Simkemei. Wiki jana alimwombea yule kuku aliyevunjika mguu, akataja kabisa ni wa kushoto, Mungu asije akakosea. Halafu akaniuliza Mungu hulala saa ngapi. Wewe ungeuliza hivyo ningekwambia unyamaze. Yeye nilimsomea Zaburi ya 121, kwamba hasinzii wala halali. Akasema basi lazima macho yanamuuma.

Usiniambie huko chekechea, PP1, watamfundisha. Watamfundisha, na nyimbo atakuja nazo. Ila Kumbukumbu la Torati sura ya 6 haikuwaandikia walimu. Inasema uketipo katika nyumba yako, utembeapo njiani, ulalapo, uondokapo. Na sisi wa kanisa la Marafiki, Quaker, hatubatizi kwa maji, hakuna cheti nitakachokupa niseme mtoto ameshaingia, kazi imekwisha. Wamishenari wa Marafiki walifika Kaimosi, huku magharibi, mwaka wa 1902, lakini kwetu imani iliingia kwa mlango wa jikoni: nyanya yangu hakujua kusoma, alituombea huku akisonga ugali.

Najua utasema, mbona wewe mama. Eli alikuwa kuhani, na Samweli akamlea vizuri, mtoto wa watu. Hofni na Finehasi, waliopotoka, walikuwa wa kwake mwenyewe. Mimi nimeshika hazina ya akina mama miaka 11, kongamano sijakosa hata moja, na kaka yako hakanyagi kanisani. Siku zile nikifika nyumbani nilimkuta amelala. Basi, tuliache hapo.

Kazi hii umeipata bila kumhonga mtu. Nimewaambia akina mama wote, hata ambao hawakuuliza. Ila ile simu unayompa aishike mpaka usingizi umchukue, hapana. Ukiwa kazini mwambie dada wa nyumba anipigie saa mbili kasoro, aiweke sikioni mwa mtoto, tusali dakika mbili. Huyo dada muulize kwanza kama yeye husali, wala usimlazimishe. Na usimtishe mtoto kwamba Mungu atamchapa akikataa uji. Hilo ni langu, nimelitumia sana, liache huku.

Nani atasali naye? Nijibu kabla hamjapanda matatu.

Pesa ya mabati imefika, asante. Fundi anasema misumari haikuhesabiwa, nami naona anatafuta ya kunywea chai. Ng'ombe amepunguza maziwa, nadhani ni nyasi. Kikombe cha Neema cha bluu nitakituma na mtu, kimebaki kwa jirani.

Yule kuku, akikuuliza, mwambie amepona. Hapana, mwambie ukweli: bado anachechemea, lakini anakula.

Ni mimi,
Mama