Kabla hujapanda ndege, nijibu kuhusu kile kikopo

Mwanangu Zaituni,

Assalaam aleikum. Sisi huku Bombo hatujambo, mvua imeanza, na yule mbuzi mweusi amezaa mapacha. Lakini kilichonishikisha kalamu si mbuzi. Jana Musa alinionyesha kwenye simu picha ya mikono yako, akidhani nitafurahi. Imetakata. Magamba hakuna, nyufa hakuna, hata kile kidole gumba cha kushoto ambacho tangu Ramadhani kilikuwa kimepasuka kama tope la kidimbwi kilichokauka. Nikamuuliza, dada yako amepaka nini? Akasema krimu ya kikopo, umeinunua kwa mchuuzi pale Old Taxi Park, Kampala, na siku 4 tu zimetosha. Siku 4, Zaituni! Soriasisi, ugonjwa huu wetu wa ngozi, naijua tangu hujazaliwa, na sijaona mafuta wala jani lililoifuta kwa siku 4.

Nikamwambia akuombe picha ya kikopo chenyewe. Karatasi imekwanguliwa nusu, limebaki neno moja: klobetasoli. Nililiandika kwenye kipande cha boksi la sabuni nikaenda nalo kwa nesi wa duka la dawa karibu na msikiti. Alilisoma, akanivutia kiti. Alisema hiyo ni steroidi, dawa ya kutuliza uvimbe na mwasho, tena ni miongoni mwa zile kali kuliko zote za kupaka. Si sumu, madaktari huiandika, na viganja vyenye ngozi nene kama vyetu huweza kufaidika nayo. Ila huiandika kwa muda mfupi, kama wiki 2 hivi, kisha daktari anakuangalia tena. Wewe nani anakuangalia? Musa anasema kikopo kimefika nusu. Je, unapaka na usoni? Nijibu hilo kwanza, kabla hujaniuliza habari za mtu yeyote.

Ukiipaka miezi na miezi, ngozi inakuwa nyembamba, inachanika kwa kuguswa tu, na mistari inatokea. Ukiiacha ghafla baada ya kuizoesha mwili, ugonjwa unarudi kwa nguvu kuliko ulivyokuwa. Na kama ni fangasi wala si soriasisi, mwasho unatulia huku fangasi inatambaa chini kwa chini. Kwa hiyo sikuambii ukitupe leo jalalani. Nakuambia ukipeleke. Hospitali ya Mulago wana kliniki ya ngozi. Nenda alfajiri, kaa kwenye foleni, kiweke mezani kikopo chako, useme umepaka kiasi gani, wapi, na tangu lini. Usifiche kwa kuona haya.

Ile mistari iliyo ndani ya mkono wako, juu ya kiwiko, uliyowahi kuniuliza nikakujibu kwamba ulirefuka upesi. Nayo ilitoka kwenye kikopo. Ulikuwa na miaka 11, na sherehe ya khalati yako, mama yako mdogo, ilikuwa imekaribia. Baba yako alikataa tangu mwanzo. Basi, tuendelee.

Najua unaogopa upimaji wa afya wa wasafiri, kwamba daktari ataiona mikono akudhanie una ugonjwa wa kuambukiza. Mwambie jina lake: soriasisi. Haiambukizi, mkishikana mikono wala mkila sahani moja. Nesi alinieleza vizuri nikaelewa kwa mara ya kwanza. Ngozi ya watu hujibadilisha kwa muda wa kama mwezi mmoja, yetu inafanya kazi hiyo kwa siku chache, kwa sababu kinga ya mwili inaichochea bila sababu. Ya zamani haijadondoka, mpya imeshafika juu, ndiyo maana inarundikana magamba. Kwa hiyo haiishi kwa kusuguliwa. Ndimu na majivu havikuwa na kazi hapo, na ndimu ukiipaka kisha ukatoka juani inaunguza ngozi. Vitunguu saumu pia vinaunguza. Niliambiwa na watu wazima nikawaamini.

Aliniambia pia kwamba ikimzukia mtu ghafla na kwa ukali, ni busara apime virusi, kwa kuwa VVU huweza kuizidisha. Utapimwa hivyo hivyo kwa ajili ya safari, kwa hiyo usikose usingizi kwa maneno ya wenzako wa saluni.

Sasa shika haya, hayana gharama. Mikono ioshwe kwa maji ya vuguvugu, si ya moto, hata kama ya moto yanapoza mwasho kwa dakika moja. Ikaushe kwa kuigandamizia kitambaa, usiifute kwa nguvu. Ikiwa bado na unyevunyevu, kabla dakika 3 hazijapita, paka mafuta. Shangazi yako ametuma kutoka Arua mafuta ya shea, yale mazito ya manjano. Chukua kiasi cha punje ya harage, yayeyushe katikati ya viganja mpaka yang'ae, halafu yaingize kwenye kila ufa kwa ncha ya kidole, polepole, hasa pembeni mwa kucha. Usiku paka Vaseline nzito zaidi ya hapo, vaa soksi za pamba mikononi ulale nazo. Wenzako watacheka. Waache. Mimi nililala nazo mwezi mzima wa Februari na sasa naweza kukamua nguo bila damu.

Shubiri ile ya nyuma ya choo inapoza, ila kata jani, acha ule utomvu wa njano umwagike wote kwanza, utumie ute mweupe tu, na ujaribu sehemu ndogo ya mkono kabla ya kujipaka. Jua la asubuhi dakika 10 linasaidia soriasisi. Jua la kuchoma linaiamsha. Magamba usiyabandue kwa kucha. Ngozi ikichubuka, ugonjwa unaota palepale ilipochubuka. Na mafindofindo yakikushika, usiyapuuze, huichochea soriasisi, unajua mwenyewe yalivyotuletea.

Huko unakokwenda kufanya kazi utakuwa unashika JIK na sabuni za unga kutwa, na vyumba vina mashine za baridi zinazokausha ngozi. Waambie siku ya kwanza, wala usingoje mwezi wa tatu, kwamba unahitaji glavu. Vaa za pamba ndani, za mpira juu, kwa sababu mpira peke yake unatoa jasho na jasho linawasha. Pete yako ivue ukifua. Sabuni hujificha chini yake. Nimekufungia jozi 4 za glavu za pamba, nimezishona mwenyewe kwa shuka la zamani la bibi yako.

Bibi yako huyo, mamangu. Siku zote nilisema ugonjwa huu umeutoa kwa akina baba yako. Kumbe kucha za mamangu zilikuwa na vishimo vidogo vidogo kama kastabini, nayo ni dalili ya soriasisi. Na mimi asubuhi vidole havikunjiki, inabidi nivitie kwenye maji ya vuguvugu kitambo ndipo nishike ukindu wa kusukia. Nilidhani ni kazi. Nesi aliniangalia vidole akasema na mimi niende Mulago, kwamba soriasisi huingia mpaka kwenye viungo, na viungo vikiharibika havirudi. Kwa hiyo chagua siku, twende wote. Ikiwa unaona aibu kwenda, nisindikize mimi. Wewe vidole vyako asubuhi vikoje? Kikivimba kimoja kizima kama soseji, usisubiri siku hiyo.

Pasipoti umejilipia mwenyewe, nauli umejilipia, na fedha ya shule ya Musa umeitoa bila kuombwa. Hapa mtaani nawaambia watu wote, mpaka wamechoka kunisikia. Lakini ulipokuwa na maumivu ya mikono ulimwambia mchuuzi kabla ya kuniambia mimi. Hilo limeniuma. Pengine ni kwa sababu wageni walipokuja nilikuwa nakuambia uweke mikono chini ya leso. Leo usiiweke. Ukifika kwa hao waajiri wako, shika chai yao kwa mikono hiyo hiyo.

Bati la jikoni linavuja tena, fundi anataka elfu 80, nimemwambia elfu 60 na anakuja Jumatatu. Mama wa nyumba ya tatu hajalipa zile kawa 2 alizochukua za harusi, nami sitamsukuma, mumewe anaumwa. Fenesi limeiva kabla ya wakati na tumelila bila wewe. Hao mapacha wa mbuzi, jike nimelihesabu lako. Ukirudi utalikuta na watoto wake.

Musa atakuja Ijumaa na teksi ya asubuhi, ana kopo la mafuta ya shea ndani ya kaveera nyeusi, mfuko wa plastiki, glavu, na samli kidogo. Mafuta yakiyeyuka njiani usihangaike, yataganda tena. Kikopo chako usimpe Musa akitupe, kibaki nacho hadi siku ya Mulago, daktari akione kwa macho yake. Na usisubiri Ijumaa ndipo unijibu. Nipigie leo usiku, hata kwa dakika moja. Niambie tu: usoni umepaka au hukupaka?

Mama yako