Kiwanda kimeletwa, kamba imeachwa

Mhariri,

Katika toleo lenu lililopita daktari mmoja mstaafu aliomboleza kwamba tiba imegeuka kiwanda: fomu, mistari, namba, na mgonjwa anapita kama chupa kwenye mkanda. Anatamani enzi ambazo daktari alikuwa fundi, anamjua mgonjwa wake kwa jina na kwa ukoo, na anaamua kwa uzoefu wake mwenyewe. Mimi ni mkunga, nami nimestaafu, baada ya miaka 31 ya leba. Kwa heshima zote, naona daktari wetu analilia kaburi lisilo lake.

Enzi za ufundi nilizikuta mwishoni mwishoni. Uzuri wake ulitegemea umeangukia mikono ya nani. Tulikuwa na wakunga wakongwe waliomtoa mtoto aliyetanguliza matako kwa utulivu, kama mtu anayekunja shuka. Tulikuwa pia na wengine, wenye cheti kilekile na cheo kilekile, ambao ukisikia wameingia zamu unaomba mdogo wako asishikwe na uchungu usiku huo. Mgonjwa hakuwa na namna ya kuwatofautisha. Tena fundi ana tabia ya kuficha. Familia ya Chamberlen ya Uingereza, tangu karne ya 17, ilikuwa na koleo la kumvutia mtoto aliyekwama. Inasimuliwa kwamba walikuja nalo ndani ya sanduku na kumfunga mzazi kitambaa machoni ili asilione. Siri hiyo walirithishana kwa zaidi ya miaka 100. Wanawake waliokufa na watoto tumboni katika miaka hiyo, huku chombo kikiwa kimelala sandukuni mtaa wa pili, nao ni sehemu ya historia ya ufundi.

Kilichotutoa huko ni kiwanda hichohicho kinacholaaniwa. Mwaka 1952 Virginia Apgar, daktari wa nusu kaputi wa New York, alipendekeza kila mtoto apewe alama dakika moja baada ya kuzaliwa: mapigo ya moyo, kupumua, nguvu ya misuli, mwitikio na rangi, kila kimoja sifuri hadi mbili. Baadaye ikaongezwa dakika ya tano. Hakuna mashine hapo, ni macho na saa ya ukutani tu. Lakini kabla yake mtoto aliyetoka amelegea na rangi ya bluu aliweza kuwekwa pembeni kwa sababu mtu mmoja alimtazama akaona basi. Baada yake, anayempokea analazimika kuandika namba, na namba ndogo inakusuta hadi ushike mfuko wa kumpulizia hewa.

Au tazama mtoto wa jicho. Govindappa Venkataswamy alianzisha hospitali ya macho ya Aravind huko Madurai, India, mwaka 1976, ikiwa na vitanda 11. Kule daktari ana meza mbili: anapomaliza jicho la meza hii, mgonjwa wa meza ya pili ameshasafishwa, ameshapigwa ganzi, vifaa vimeshapangwa. Wauguzi wamefunzwa kila mmoja kipande chake. Daktari mmoja hufanya upasuaji kama 2,000 kwa mwaka, na wagonjwa wengi hawalipi chochote au hulipa kidogo sana. Lenzi za kupandikiza zilipokuwa ghali, mwaka 1992 wakaanza kuzitengeneza wenyewe. Aliyeingia akishikwa mkono akatoka akitembea peke yake hajali kama alipitishwa kwenye mkanda.

Kwa hiyo mimi niko upande wa kiwanda. Malalamiko yangu ni mengine, na yana usiku wake.

Wasomaji ambao hawajafika leba hawaijui patografu. Ni chati ya maendeleo ya uchungu. Mistari yake miwili maarufu ilitoka kwa madaktari Philpott na Castle mwaka 1972, katika nchi ambayo leo ni Zimbabwe, ili mkunga aliye mbali na hospitali ajue lini ampeleke mama. Mstari wa kwanza, wa tahadhari, unachukulia kwamba mlango wa kizazi unafunguka sentimita moja kwa saa. Wa pili, wa kuchukua hatua, uko saa nne kulia kwake. Ni chombo kizuri, nimekitumia maisha yangu yote. Lakini mwaka 2018 Shirika la Afya Duniani lilitamka kwamba ile sentimita moja kwa saa ni kasi kubwa mno kwa baadhi ya wanawake, na isitumike kuamua nani uchungu wake uko sawa. Sehemu ya ushahidi ilitoka leba za Nigeria na Uganda. Wakunga wengi walikuwa wakilinong'ona jambo hilo miaka yote, ila katika chati hapakuwa na mahali pa kunong'ona.

Usiku ule nilikuwa na mama wa uzazi wa nne. Kwenye kompyuta chati yake ilipendeza: mstari uko kushoto kabisa, presha nzuri, moyo wa mtoto 140. Damu hata tone. Lakini kati ya uchungu na uchungu hakuwa anapumzika. Mama wa uzazi wa nne anajua kupumzika. Anapiga hata soga. Huyu alikuwa anauma kona ya kanga, anatazama ukuta. Nikaweka kiganja tumboni nikasubiri lilegee. Halikulegea. Nikasubiri tena. Gumu kama ubao.

Nikampigia daktari wa zamu, kijana mzuri, mchapakazi, yuko chumba cha upasuaji na foleni ya watatu.

"Sista, namba zinasemaje?"

"Namba nzuri, dokta. Mama ndiye si mzuri."

"Zikibadilika nipigie."

Zilibadilika baada ya dakika 35. Moyo wa mtoto ukashuka hadi 80, tukakimbia. Kondo lilikuwa limeanza kuachia na damu imejikusanya nyuma yake, ndani kwa ndani. Mama alipona. Mtoto alipata alama 2 dakika ya kwanza na 6 dakika ya tano, akaja kulia tukiwa tumeshaanza kutazamana.

Asubuhi kulikuwa na kikao cha takwimu, na tukio letu likasomwa kama mfano wa kazi nzuri. Kutoka uamuzi wa kupasua hadi mtoto kutoka: dakika 24, chini ya kiwango cha 30. Wakapiga makofi. Saa yao ilianza kuhesabu namba zilipobadilika. Dakika 35 ambazo kiganja changu kilikuwa kinajua hazikuwa na safu ya kuandikwa, kwa hiyo kitakwimu hazikuwahi kutokea. Sikumlaumu yule kijana wala simlaumu leo. Alifundishwa kwamba mkunga mwenye wasiwasi bila namba ni kelele, na foleni yake ilikuwa ya kweli.

Sasa nirudi kwa kiwanda, maana wanaotupangia kazi siku hizi hupenda kututajia Toyota. Katika viwanda vya Toyota, juu ya mkanda ilipita kamba; siku hizi vingi vimeweka kitufe badala yake, kazi ni ileile. Mfanyakazi yeyote, hata aliyeajiriwa jana, akiona kasoro anaivuta. Taa inawaka, kiongozi wa kikundi anakuja alipo. Wasipolimaliza tatizo kwa wakati, mkanda unasimama. Aliyevuta haulizwi ushahidi kwanza. Wazo lenyewe linarudi nyuma hadi kwenye mashine za kufumia za Sakichi Toyoda, zilizojisimamisha zenyewe uzi unapokatika. Hospitali ya Virginia Mason ya Seattle, ambayo wakuu wake walisafiri hadi Japani mwaka 2002 kujifunza, iliichukua na kamba: mfanyakazi yeyote anaweza kusimamisha kazi akiona mgonjwa yuko hatarini. Wengine wetu tumechukua mkanda, kasi, chati na vikao vya takwimu. Kamba tumeiacha Japani.

Hata pale inapokuja, hatuitambui. Orodha ya usalama wa upasuaji ya Shirika la Afya Duniani ilijaribiwa katika hospitali nane za miji minane, London na Seattle zikiwemo, na Ifakara ya Tanzania pia. Matokeo yalichapishwa mwaka 2009: vifo vilishuka kutoka asilimia 1.5 hadi 0.8. Mojawapo ya mambo yake 19 ni kila aliyemo chumbani kutaja jina lake na kazi yake kabla ya chale. Hicho ndicho kipengele nilichoona kikirukwa kuliko vyote, huku watu wakicheka, kwa sababu "tunajuana". Tunajuana, ndiyo. Lakini muuguzi mgeni aliyekwisha kusema jina lake kwa sauti mbele ya bingwa atathubutu kusema mara ya pili kwamba hesabu ya pamba za upasuaji haijatimia.

Najua jibu litakalokuja: kila mtu akivuta kamba, chumba cha upasuaji kitajaa wasiwasi wa manesi. Basi njooni mtazame Toyota vizuri. Kule kamba inavutwa mara nyingi kwa siku, na mara nyingi jambo linaisha kabla mkanda haujasimama, kwa sababu mtu alikuja akaangalia. Nilichokuwa nahitaji usiku ule ni mkono wa pili juu ya tumbo lile, dakika mbili tu. Uingereza imekwenda mbali zaidi: kuanzia mwaka 2024 hospitali zake zilianza kumpa hata mgonjwa na ndugu zake haki ya kuita timu nyingine ije imwangalie wanapoona hali inazorota na hawasikilizwi.

Ombi langu ni dogo kwa watengenezaji wa mifumo hii na wanaoinunua. Wekeni safu ya wasiwasi wa mhudumu, juu, pamoja na presha na mapigo, na saa ianze kuhesabu pale inapojazwa. Katika mfumo niliouacha kazini ipo sehemu iitwayo "Maelezo mengine", chini kabisa, baada ya aina ya bima. Inapokea herufi 60. Usiku ule niliijaza, saa 8 na dakika 10: "Tumbo gumu, halilegei. Mama simwelewi." Wiki mbili baadaye nilikwenda kuangalia. Mfumo huonyesha ni nani aliyefungua kila sehemu, na pale palikuwa na jina langu peke yake.

Mkunga mstaafu