Malalamiko: Honda CG125 iliyong'arishwa badala ya kutengenezwa

Meneja wa Karakana,
Mwanza.

Ndugu Meneja,

YAH: MALALAMIKO KUHUSU MATENGENEZO YA PIKIPIKI HONDA CG125 YA VOLTI 6

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Karakana yenu ilipokea pikipiki hii ikiwa na kilomita 4,870 tu kwenye mita, baada ya kukaa stoo tangu miaka ya 1990 ikiwa na petroli ndani ya tenki. Fomu yenu ya kupokelea kazi imeandikwa "kuirudisha barabarani", na ankara ya shilingi 1,180,000 imeshalipwa yote. Kilichorudi ni pikipiki inayong'aa, inayowaka kwa kiki ya pili, na isiyofaa kuendeshwa hata kutoka Pasiansi hadi Kirumba.

Fundi aliyeikabidhi alieleza kwamba haikuhitaji kufunguliwa sana "kwa sababu haijatembea". Malalamiko yangu yote yanatokana na kauli hiyo. Pikipiki iliyotembea kidogo na kulala sana haijachakaa pistoni wala gia. Imechakaa kila kilicho mpira, sponji, grisi na gundi, na vitu hivyo havisomi mita. Ongeza hewa ya ziwa, ambayo kila alfajiri huacha umande juu ya bati lililopoa, ndani ya tenki na nje yake, na hata chuma kisichotumika nacho huliwa taratibu.

Naanza na tairi la mbele kwa sababu ndilo linaloweza kuua mtu. Ankara yenu inasema "tairi mpya 2, tyubu mpya 2". La nyuma ni jipya kweli. La mbele limepakwa dawa nyeusi ya kung'arisha, lakini ubavuni, mwisho wa maandishi yanayoanza na DOT, kuna tarakimu 3. Tairi lililotengenezwa kuanzia mwaka 2000 huwa na tarakimu 4, yaani 2 za wiki na 2 za mwaka: 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tarakimu 3 ni utaratibu wa kabla ya hapo. Kwa hiyo tairi mliloniuzia kama jipya limetengenezwa katika karne iliyopita. Meno yake yamejaa, sikatai, na ndiyo yanayodanganya macho. Ukilibonyeza kwa kidole gumba pale meno yanapokutana na ubavu, nyufa zinafunguka na nyuzi za ndani zinaonekana. Mpira uliokauka hivyo haushiki lami iliyolowa.

Tulipolitoa kwenye rimu tulikuta tyubu nayo ni ya zamani, na ule ukanda wa mpira unaofunika vichwa vya spoku umekauka na kukatika sehemu mbili. Kichwa cha spoku chenye kutu kikiitoboa tyubu hapo, upepo wote unatoka kwa mkupuo, na gurudumu la mbele likiishiwa upepo ghafla kwenye mteremko wa Bugando dereva hana la kufanya. Ukanda huo ni wa bei ndogo kuliko dawa mliyotumia kung'arisha tairi.

La pili ni mafuta. Ankara ina mstari "kusafisha tenki na kabureta". Nilifungua kile kikombe kidogo kilicho chini ya koki ya mafuta, ambacho kazi yake ni kunasa maji na uchafu. Ndani mlikuwa na tope la rangi ya matofali, vipande vya kutu vyembamba kama maganda ya kitunguu, na maji. Tenki lililosafishwa halitoi hayo baada ya lita 4 za petroli mpya. Inaonekana mafuta ya zamani yalimwagwa, mapya yakatiwa, na kazi ikaandikwa imekwisha.

Petroli ikilala muda mrefu, sehemu yake nyepesi inayowaka kwa urahisi hupaa, na inayobaki hugeuka utomvu wa kahawia unaonata kama vanishi. Utomvu huo huziba kwanza jeti (kitundu cha kupitishia mafuta) ndogo ya kabureta, ile ya sailensa, yaani ya injini kuunguruma taratibu bila kuongezwa mafuta, kwa sababu tundu lake ni dogo mno. Dalili zake ziko wazi: injini haishiki sailensa bila choki, inakohoa ukianza kufungua mafuta, kisha inatulia ukishapita nusu ya grifu, mshikio wa kuongezea mafuta. Ndivyo pikipiki hii inavyofanya. Badala ya kuifungua jeti, fundi wenu alikaza skrubu ya sailensa mpaka injini ikawa inanguruma ikiwa imesimama. Alama mpya ya bisibisi iko kwenye skrubu hiyo, lakini kwenye skrubu za bakuli la kabureta hakuna mkwaruzo wowote. Bakuli halikufunguliwa.

Kwa kuwa mtadai kazi hii haina njia nyepesi, naieleza. Tenki linashushwa, koki inatolewa na tundu lake linazibwa. Linajazwa siki ya kawaida ya asilimia 5 hadi juu, kwa sababu kutu nyingi hukaa darini ambako petroli haikufika, na linaachwa usiku na mchana huku likigeuzwa. Kama kutu ni nene, tiwa kokoto ndogo safi au mnyororo na tenki litikiswe, na kokoto zihesabiwe zikiingia na zikitoka. Baada ya hapo linasuuzwa, linatiwa maji yenye magadi ili kuua tindikali, linasuuzwa tena na kukaushwa kwa upepo wa joto mara moja. Likiachwa bichi hata kwa saa chache, kutu mpya ya rangi ya chungwa hujitokeza. Likishakauka hutiwa petroli kidogo iliyochanganywa na oili na kuzungushwa pande zote. Kabureta nayo inafunguliwa yote: jeti 2, sindano na kiti chake, boya, skrubu ya hewa. Tundu la jeti linasafishwa kwa dawa na upepo au uzi mmoja wa waya wa shaba. Waya wa chuma hulipanua, na jeti iliyopanuliwa haina tena kipimo. Mipira yote inabadilishwa, pamoja na pete ya mpira kati ya kabureta na injini. Hii ya kwenu imebanwa ikawa bapa na ngumu, inavuta hewa pembeni.

Kuna jambo hapa linalonishangaza kuliko yote. Chujio la hewa la pikipiki hii ni la sponji. Sponji ya umri huo haihitaji kuchanika. Inamomonyoka yenyewe ukiigusa. Nilipofungua boksi lake, nusu haikuwepo, na mdomo wa kabureta ulikuwa na punje nyeusi zilizonata. Maana yake injini iliwashwa na kujaribiwa kwenu ikivuta sponji na vumbi moja kwa moja. Kufungua boksi hilo ni kazi ya dakika chache.

Kuhusu injini yenyewe nitakuwa mwangalifu, kwa sababu sina ushahidi kwamba ringi au silinda vimeharibika. Honda walipoitoa CG125 mwaka 1976 waliacha kemu ya juu, yaani mhimili wa kufungua valvu uliokaa kichwani mwa injini, wakarudi kwenye fimbo za kusukuma valvu, kwa makusudi ivumilie matunzo hafifu. Uvumilivu huo ndio uliowapotosha: injini ikawaka, mkadhani ni nzima. Kabla ya kuwashwa, injini iliyolala hutolewa plagi, hutiwa oili kijiko kimoja au viwili vya chai ndani ya silinda, huachwa usiku kucha, kisha huzungushwa kwa mkono kabla ya kupigwa kiki. Fomu yenu haionyeshi hatua hiyo. Naomba shinikizo la silinda lipimwe mbele yangu, na kipimo kiandikwe.

Tapeti, yaani marekebisho ya mianya ya valvu, hazina mjadala. Mwanya wa valvu zote mbili ni milimita 0.08, injini ikiwa baridi na pistoni ikiwa juu kwenye mkandamizo. Valvu ya kuingiza haipitishi fila geji (bati jembamba la kupimia mianya) yoyote. Mwanya ni sifuri. Ndiyo maana pikipiki ikiwa baridi inawaka kwa kiki ya pili na ikipata moto inagoma: chuma kikitanuka, valvu haifungi vizuri, mkandamizo unavuja. Ikiendeshwa hivyo, valvu itaungua. Plagi iliyofungwa ni D8EA, hiyo ni sahihi, ila mwanya wake ni zaidi ya milimita 1 wakati unaotakiwa ni 0.6 hadi 0.7.

Oili mliyoweka ni ya gari, 5W-30, kwa mujibu wa ankara yenu wenyewe. Klachi ya pikipiki hii inaogelea ndani ya oili ya injini. Oili nyepesi ya gari yenye dawa za kupunguza msuguano huzifanya sahani za klachi ziteleze, na sasa ukipanda na gia ya 3 injini inaongeza mlio bila mwendo kuongezeka. Inayotakiwa ni kama lita 1 ya oili ya pikipiki yenye alama ya JASO MA, ya oili zinazofaa klachi ya aina hii. Kwa joto letu 20W-50 inatosha kabisa. Naomba imwagwe, wavu wa oili uoshwe, na oili mpya ibadilishwe tena mapema baada ya mwendo mfupi, kwa sababu oili ya kwanza ndiyo hubeba tope lililolala.

Umeme: mmefunga betri ya volti 12 kwenye mfumo wa volti 6. Globu za taa ya nyuma na za indiketa zimeungua zote, na betri haijai kwa sababu koili ya kuchaji haikutengenezwa kwa ajili yake. Fundi hakuligundua kwa sababu moto wa plagi kwenye toleo hili unatoka kwenye magineti, kizalishaji umeme kinachozungushwa na injini yenyewe, hautegemei betri. Pikipiki inaweza kuwaka bila betri kabisa.

Breki ya nyuma nilipoifungua, tabaka la msuguano la kiatu kimoja lilikuwa limebanduka kwenye chuma chake. Ni gundi iliyozeeka. Kipande hicho kikijikunja ndani ya drumu, gurudumu linakwama likiwa kwenye mwendo. Unene wake haujapungua, na ndiyo maana nyuti ya kurekebishia ikionekana iko mwanzoni mtu hudhani viatu ni vipya. Sili za shokomzoba za mbele zinavuja pia, na ile ya shafti ya spoketi ndogo.

Ninachodai ni hiki. Mnirudishie fedha za tairi la mbele na tyubu yake, za "kusafisha tenki na kabureta", na za betri isiyo sahihi. Globu zilizoungua mzilipie. Tapeti, klachi, viatu vya breki vya magurudumu yote mawili, sili nilizotaja na chujio la hewa vifanyike kwenu bila malipo ya ufundi. Vipuri nitalipia kwa bei ya dukani, isipokuwa sahani za klachi zikikutwa zimeungua, kwa kuwa hizo zimeponzwa na oili yenu. Kila kipuri kinachotolewa niwekewe kwenye mfuko nikione. Kuipaka rangi au kuing'arisha tena sihitaji.

Nimeambatisha nakala ya ankara na fomu ya kupokelea, pamoja na picha za namba ya tairi, kikombe cha koki, boksi la chujio na kiatu cha breki. Tairi lenyewe ninalo. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza kumpotosha mteja katika biashara, na kutoza fedha za tairi jipya ambalo halikufungwa sioni jina jingine la kuliita. Nisipopata majibu kwa maandishi ndani ya siku 14 tangu mpokee barua hii, nitaipeleka pamoja na viambatanisho vyake Tume ya Ushindani.

Pikipiki haitaendeshwa kuja kwenu. Tumeni gari la kuibeba, na fundi atakayeipokea aje na fila geji.

Wenu,
Mmiliki wa pikipiki iliyotajwa hapo juu.