Kuwashwa baada ya dawa za matende sio sumu

Mhariri, naomba nafasi kidogo. Niko Mtwara mjini, nafundisha baiolojia sekondari, na kila kingatiba ya matende na mabusha ikifika maneno huku mtaani ni yale yale, oh dawa zinaua nguvu za kiume, oh fulani kameza jana usiku kucha anajikuna na kichwa kinamgonga, basi watu wakimuona mgawa dawa na ile fimbo yake ya kupimia kimo wanatokea mlango wa uani.

La nguvu za kiume ni uzushi, busha lenyewe ndo linamnyima mtu raha ya ndoa. Ila la kujikuna ni kweli, na hilo ndo nataka watu walielewe.

Mnyoo wa matende na mabusha analetwa na mbu. Akikomaa anakaa kwenye mishipa ya limfu, ile inayopita kwenye mitoki, jike anafika sentimita 8 hadi 10 na anazaa vitoto vingi mno, vinajaa kwenye damu usiku, ndo maana kuna wapimaji wanakuja kutoboa watu vidole usiku saa nne saa tano wakati wengine mmeshalala. Sasa mwili una kinga ya kuzaliwa nayo, haisubiri chanjo wala uugue kwanza. Seli nyeupe zinatambua kitu kigeni, kikiwa bakteria zinammeza mzima mzima, lakini mnyoo ni mkubwa kuliko seli mara nyingi sana hamezeki, kwa hiyo seli zinazoitwa eosinofili na nyingine zinamzunguka, zinamng'ang'ania na kummwagia sumu juu ya ngozi yake. Shida ni kwamba huyu mnyoo mjanja, akiwa hai anatoa vitu vya kuipoza kinga, mtu anakaa naye miaka anakwambia mi mzima bwana.

Unameza dawa zenyewe za kingatiba, ivermektini na albendazoli, vile vitoto vinapooza, kinga inavimaliza. Na ndani ya mnyoo huyu kumbe anaishi bakteria anaitwa Wolbachia, vitoto vikifa anamwagika kwenye damu, kinga inamshtukia hapo hapo, ndo homa hiyo, kichwa, viungo kuuma, kuwashwa, mara nyingi siku mbili tatu kwisha. Mwenye vitoto vingi ndo anayesumbuka zaidi, yani yule jirani aliyekesha anajikuna alikuwa anaihitaji dawa kuliko sisi wote! (Ila ukivimba uso au pumzi ikibana, hapo nenda kituo cha afya, usingoje.)

Minyoo mikubwa yenyewe dawa hizi haziimalizi, na inaishi hata miaka 6 hadi 8, kwahiyo "nilimeza mwaka juzi" haitoshi.

Lawama nyingine ni ya wanaopanga zoezi. Kijana anapiga hodi, anakupima, anakupa vidonge, "meza mama", kaondoka, hakuna anayesema kesho unaweza kuwashwa na kwanini. Mtu akiwashwa lazima aone kalishwa sumu.

Mhariri, ukurasa wenu wa afya uandike haya kabla ya msimu ujao, na mkiandika msisahau ile habari ya madafu, maana pwani hii wapo wazee wanaapa kabisa kuwa busha linaletwa na madafu, na vijana wanawaitikia huku chandarua wamezungushia bustani ya mchicha.

Msomaji wenu, Mtwara