Barua kwa Rafiki Aliye Paris

Kisumu

Rafiki yangu mpendwa,

Salamu nyingi kutoka huku ziwani. Sisi sote tu wazima, na mama hukuulizia kila Jumapili tukitoka kanisani. Rasimu ya makala yako kuhusu malezi ya Wafaransa nimeisoma, na kwa kuwa uliniomba maoni wala si sifa, nitasema wazi.

Pale unapomwonyesha mtoto wa jirani akila samaki na maharagwe mabichi pamoja na wazazi wake, bila kutengewa chakula chake, umeandika vizuri sana. Mfaransa asingeona hapo habari yoyote ya kuandika. Lakini jicho la mgeni hupima kwa kipimo lilichotoka nacho kwao. Pamela Druckerman, mwandishi wa habari Mmarekani aliyetoa kitabu kuhusu malezi ya Paris mwaka 2012, aliwapima akina mama wa huko, wengi wao wa tabaka la kati, kwa wenzao wa Marekani. Wewe unawapima kwa Kisumu. Ndiyo maana umeshangazwa na mtoto mchanga kulala chumba chake peke yake, jambo ambalo huenda Mmarekani asingelitengea hata sentensi moja.

Kinachonikera, uniwie radhi, ni kwamba utulivu wa mama wa mtoto yule umeuita hekima ya Kifaransa. Huko mwajiriwa ana likizo ya uzazi ya wiki 16 kwa mtoto wa kwanza, kuna vituo vya kulelea watoto vinavyogharimiwa kwa sehemu kubwa na fedha za umma, na tangu mwaka 2019 elimu ni ya lazima kuanzia miaka 3. Hapa sheria inatoa miezi 3, tena kwa walioajiriwa tu. Mpe mama mboga wa soko letu la Kibuye hayo yote, kisha tuone kama hatatulia.

Unamkumbuka yule mwandishi wa kigeni aliyekuja hapa kwetu ufukweni Dunga, akaandika kwamba msichana aliyembeba mdogo wake ametelekezwa, ilhali mama yao alikuwa hatua chache tu kutoka pale akipaa samaki? Tulikasirika kwa haki. Basi nenda nawe ukaketi na familia zenye asili ya Mali na Senegali katika vitongoji vya Paris, ambazo watoto wao ni Wafaransa vilevile, na jirani yako umsomee aya zinazomhusu kabla hujazituma Nairobi. Mhariri atataka kichwa kiseme "Wafaransa", usimkubalie.

Ni mimi rafiki yako.