Pikipiki ya umeme ya Marangu si ya TPC

Wateja wanaokuja karakanani kuulizia pikipiki za umeme huanza na spidi. "Hii inakimbia ngapi?" Tunawajibu: nyingi za biashara zinagusa 70 mpaka 90 kwa saa, skuta ndogo zinaishia 50 na kitu. Ila kwa dereva wa boda wa Moshi jibu hilo halisaidii kitu. Abiria wa Kiborloni hakulipi zaidi kwa sababu umemfikisha kwa 90. Swali lenye pesa ni umeme unaishia wapi, na ukiisha uko umbali gani na soketi.

Hesabu yake iko kwenye kibandiko cha betri. Tuseme kimeandikwa 72V 20Ah, yaani volti 72 na ampia-saa 20. Zidisha 72 kwa 20, gawa kwa 1,000, unapata 1.44. Hizo ni uniti, zilezile unazonunua za LUKU. Pikipiki yenye dereva na abiria kwenye tambarare, kwa mwendo wa kawaida, inakula takribani uniti 4 kwa kilomita 100, yaani uniti moja inakusogeza kilomita 25 hivi. Kwa hiyo hiyo 1.44 ni kilomita 36 kwenye karatasi. Na kama ni betri za asidi, zile sita za volti 12 zinazopangwa chini ya kiti, usizikamue zaidi ya nusu kila siku, zitakufa mapema. Betri ya lithiamu ya 72V 45Ah ina uniti 3.24, na hiyo unaweza kuitumia karibu yote. Muuzaji akikwambia kilomita 120 kwa betri ya aina hiyo, muulize alipima na nani mgongoni.

Dereva anayezunguka mjini, Mbuyuni, stendi, Majengo, au anayeteremka TPC kwenye mashamba ya miwa na kurudi, hana haja ya kuumiza kichwa. Ni tambarare, safari fupi, na mchana anaweza kuchaji wakati kijiwe kimepoa. Kwa huyu umeme unafaa leo, wala hatumzungushi.

Wa Marangu, Kibosho na Uru, huko mlimani Kilimanjaro, ana hesabu nyingine. Chukua uzito wa jumla wa kilo 300: pikipiki, wewe, abiria na mkungu wake wa ndizi. Kila mita 100 za kwenda juu zinakula kama sehemu moja ya kumi ya uniti, mbali na kile ambacho barabara yenyewe inakula. Moshi mjini tuko mita 800 na kitu kutoka usawa wa bahari, lango la Marangu liko zaidi ya mita 1,800. Huo mpando peke yake ni uniti nzima. Ongeza kilomita arobaini na kitu za kupitia Himo, uniti 1.7 hivi, jumla unakaribia 2.7. Betri ya 3.24 inakufikisha getini ikiwa imebaki na nusu uniti. Kuteremka hakuli kitu cha maana, kwa hiyo Himo utafika. Kutoka Himo mpaka mjini ndiko hutafika, maana hapo panataka uniti moja na zaidi. Kwa hiyo anayefanya njia hii awe na betri mbili, au awe na mahali pa uhakika pa kuchaji huko juu wakati anasubiri abiria wa kurudi.

Hapo ndipo watu huruka kusema umeme hauwezi mlima. Unaweza, tena vizuri. Mota ya umeme inatoa nguvu yake yote kuanzia tairi inapoanza kuzunguka, hakuna kushusha gia wala kuchoma klachi. Na injini ya petroli inahitaji hewa: kwenye mita 1,800 hewa imepungua karibu sehemu ya tano ikilinganishwa na Dar, na Boxer lako limepungua nguvu vivyo hivyo. Mota haivuti hewa, haijui kama iko Tanga au Marangu. Kigali ni mji wa vilima vitupu, na pikipiki za umeme zinabeba abiria huko kila siku.

Ila mota zenyewe zinatofautiana. Iliyofungwa ndani ya rimu ya nyuma haina cheni, haina kelele, na kwa mjini ni safi. Kwenye mpando mrefu na mzigo inachemka, na ikichemka kontrola, kile kifaa kinachoipimia mota umeme, inapunguza nguvu yenyewe, unajikuta unatambaa huku abiria anakuuliza kama mafuta yameisha. Halafu pancha ya nyuma ni kazi, kuna nyaya za kuchomoa na gurudumu ni zito, fundi wa pembeni mwa barabara anaweza kukukataa. Mota iliyowekwa katikati na kuzungusha cheni inavumilia mlima zaidi, kwa gharama ya kupaka cheni grisi na kubadilisha sproketi kama ulivyozoea. Kwa njia za mlimani tunashauri hiyo ya pili.

Kuna jambo hatusikii wauzaji wakilitaja, nalo ni kushuka. Ukiteremka Kibosho na Boxer unaweka gia ya pili, injini inakushika. Pikipiki nyingi za umeme hazina gia ya kukushika. Ukiachia mkono inateleza tu, na mzigo wote unabaki kwenye breki. Breki za ndani ya rimu zikishapata moto kwenye mteremko mrefu zinalegea, unakanyaga na pikipiki inaendelea. Zipo zinazotumia mota yenyewe kupunguza mwendo na kurudisha umeme kidogo kwenye betri. Zuri hilo, lakini jua kwamba betri ikiwa imejaa hiyo huduma inaweza isifanye kazi, maana umeme hauna pa kwenda. Anayelala juu, akachaji usiku na kushuka asubuhi na betri iliyojaa, ndiye anayehusika hapa. Breki ya diski mbele, hilo tusijadiliane.

Pesa. Petroli tuiweke shilingi 3,000 kwa lita ili hesabu iwe nyepesi, EWURA hubadilisha kila mwezi. Boda anayekwenda kilomita 100 kwa siku anachoma lita 2.5, shilingi 7,500. Kwa umeme, ukihesabu na unaopotea kwenye chaja, ni kama uniti 4.5, na kwa shilingi 356 kwa uniti ni 1,600. Angalia tarifu yako, lakini, yaani kundi la bei ya umeme mliloko. Kama nyumbani mko kwenye ile ya matumizi madogo ya uniti 75 kwa mwezi, pikipiki peke yake itawatoa huko. Ongea na mwenye nyumba kabla hajaongea na wewe. Na katika hicho unachookoa, tenga shilingi 2,000 kila siku kwa ajili ya betri ijayo, maana itakuja. Oili, plagi, pistoni, hivyo unasahau.

Petroli inabaki mbele kwenye jambo moja kubwa: tangi la lita 11 linajazwa kwa dakika mbili na linakupeleka mpaka Tanga na chenji. Betri ya uniti 3 kwa chaja ya ampia 10 ni saa nne. Mfumo wa kubadilisha betri kituoni, kama wa kampuni ya Ampersand kule Kigali, unaondoa kusubiri na pikipiki unainunua bila betri, kwa hiyo bei inashuka. Ni mzuri pale tu ambapo kituo kiko karibu na kijiwe chako.

Huduma yetu ni hii. Kabla hujalipa popote, kwetu au kwa mwingine, njoo na njia zako za siku moja zimeandikwa: wapi, mara ngapi, na mzigo gani. Tunapiga hesabu ya uniti bila malipo. Ukitaka kujaribu, tunafunga mita kwenye betri na kupanda nayo Kibosho mpaka inapunguza nguvu, kisha tunashuka kupima breki. Majaribio ni asubuhi, betri ikiwa imejaa, na gunia la mzigo uje nalo wewe.